Alfa Romeo 159 Sportwagon ya mtumba: kagua chini kabla hujaipenda juu

Spana Kumi

Wadau, salaam. Swali la Alfa 159 Sportwagon limekuwa likiulizwa vipande vipande kwenye nyuzi nyingine, hasa na ndugu zetu walioko Uingereza wanaotaka steshenwagoni ya familia yenye sura. Nimeona tulifungulie uzi wake, majibu yakae sehemu moja.

Kwanza lijueni gari lenyewe. Sedani ilitoka 2005, steshenwagoni ikafuata 2006, zote zikiundwa Pomigliano d'Arco karibu na Napoli hadi 2011. Maana yake hata lile la mwisho kabisa lina umri wa kutosha, na bei imeshuka mpaka pale ambapo krosimemba moja au giaboksi moja inaweza kupita thamani ya gari zima. Hapo ndipo watu wanapoumia. Kwa kuwa Alfa zinasemwa sana kwa umeme, mnunuzi anapima madirisha, anapima redio, anawasha taa zote, halafu anaondoka bila kuinama. 159 haimalizwi na umeme. Inamalizwa na kutu ya chini, cheni za baadhi ya injini za petroli, na beringi za giaboksi. Gari likipita hapo, yaliyobaki ni matengenezo ya kawaida ya gari kuukuu.

Krosimemba ya mbele ndiyo ya kuanza nayo. Ni ile fremu inayokaa chini ya injini na kushika amu za chini (mikono ya chuma inayobeba magurudumu) na stering raki. Barabara za Uingereza humwagwa chumvi wakati wa baridi, na chini ya injini kuna kifuniko kikubwa cha plastiki kinachotunza tope lenye chumvi hiyo. Chuma kinaoza kwa ndani, rangi ya nje inabaki ikidanganya. Kwa hiyo kuchungulia kwa tochi pembeni ya tairi hakutoshi. Gari lipandishwe, kifuniko kifunguliwe, kisha chukua bisibisi butu ugongegonge upande wa nyuma wa fremu, hasa karibu na mahali amu za chini zinapofungwa. Chuma kizima kinalia "tin". Kilichooza kinatoa sauti nzito, na magamba yanadondoka. Muuzaji asiyekubali kifuniko kifunguliwe, mshukuru na uende zako.

Kubadilisha krosimemba si kazi ya uani. Injini inaning'inizwa kwa juu, stering raki inafunguliwa, amu zinatolewa, boliti zilizoshika kutu zinakatika, na mwisho lazima alaimenti ya magurudumu yote manne. Hesabu muda mrefu wa fundi kabla hata ya kununua fremu yenyewe.

Kabla ya safari ya kwenda kuliona gari, andika namba yake kwenye ukurasa wa serikali ya Uingereza wa historia ya MOT, yaani ukaguzi wa gari wa kila mwaka. Ni bure. Utaona maili za kila mwaka na kila onyo lililoandikwa na mkaguzi. Tafuta maneno ya kutu kwenye krosimemba, paipu za breki na sakafu. Onyo lililoandikwa mwaka juzi, likatoweka mwaka jana bila risiti ya kazi yoyote, lina maana kwamba mkaguzi wa pili hakuona chini ya plastiki, au mtu alipaka rangi nyeusi juu ya kutu.

KijanaWaLuton

Mkuu asante, umenena. Sasa injini. Sokoni naona 1.9 dizeli kila kona, 2.2 petroli za bei chee, na chache zimeandikwa 1750. Ipi ni ipi?

Spana Kumi

Anza na mahali unapoishi, kijana. Tangu 29 Agosti 2023 ULEZ, eneo linalotoza magari yenye moshi mchafu, imefunika mitaa yote ya London, na dizeli isiyofikia kiwango cha moshi cha Euro 6 inalipa pauni 12.50 kila siku inayotembea humo. Hakuna 159 ya dizeli iliyofikia Euro 6. Zote ni Euro 4 au Euro 5. Birmingham katikati nako kuna eneo lake, pauni 8 kwa siku, na kipimo ni hichohicho cha Euro 6 kwa dizeli. Petroli inatakiwa Euro 4 tu, kwa hiyo 159 za petroli zinapita. Luton yenyewe iko nje, lakini kama kazi yako inakuingiza London siku tano kwa wiki, dizeli itakula pauni 62.50 kila wiki hata iwe inanusa mafuta tu.

Kwa petroli, 1750 TBi ndiyo ya kutafuta. Ilikuja 2009, farasi 200, torki 320 Nm inapatikana kuanzia mizunguko 1,400, na inatumia mkanda wa taimingi badala ya cheni. Zile 2.2 JTS za bei chee zina sababu ya kuwa chee. Fundi Dizeli atamalizia upande wake, mimi niseme la JTS.

1.9 JTS, 2.2 JTS na 3.2 V6 zote zina cheni, na cheni hizo hurefuka. Mafuta ya injini yakiachwa muda mrefu yanapoteza utelezi, tena kwenye injini hizi petroli huingia kidogokidogo kwenye mafuta na kuyafanya mepesi. Pini za cheni zinalika, cheni inalegea, kamshafti inachelewa kulinganisha na krankshafti, kompyuta inawasha taa ya injini. Kodi za hitilafu za kutazama kwenye kompyuta ni P0016 na jirani zake za kamshafti na krankshafti kutolingana. Sikiliza injini ikiwa imelala usiku kucha: ikiwashwa ikatoa mkwaruzo wa sekunde chache upande wa cheni, ondoka. Muuzaji akiwa ameshaipasha moto kabla hujafika, mwambie utarudi kesho asubuhi, na ukifika uishike boneti kwa mkono kuhakikisha ni ya baridi. Kubadilisha cheni ni pamoja na kikazio, reli zake na giawili, na nafasi kati ya injini na bodi ni finyu mno, kwa hiyo kazi hiyo inaweza kumeza bei yote uliyonunulia gari. Ninunue 2.2 yenye risiti ya cheni mpya? Ndiyo. Isiyo na risiti? Hapana, hata wakikupunguzia.

Fundi Dizeli

Nashika kijiti. Kwa anayekaa nje ya maeneo hayo na anayekula barabara kuu, 1.9 JTDm (ndiyo dizeli yenyewe) ya valvu 16, farasi 150, bado ni injini ya heshima. Ni injini ileile iliyofungwa kwenye Opel na Vauxhall nyingi, Vectra C, Astra H na Zafira B, kwa hiyo vipuri vyake havisumbui. Mambo yake ni haya.

Thamostati. Inaharibika ikiwa wazi, na watu wanaipuuza kwa sababu gari halichemki. Hapo ndipo mnyororo wa matatizo unapoanza. Maji hayafiki joto lake, kompyuta inaona injini ni baridi, inakataa kuchoma masizi kwenye chujio la ekzosi, yaani DPF. Masizi yanajaa. Ikijaribu kuchoma inakatishwa katikati, inajaribu tena, na kila jaribio linapuliza dizeli ya ziada ndani ya silinda baada ya mlipuko. Sehemu ya dizeli hiyo inateleza kwenye kuta za silinda na kuingia kwenye sampo, bakuli la mafuta chini ya injini. Vuta dipstiki: mafuta yakiwa juu ya alama ya MAX na yananuka dizeli, usiendelee kuliendesha. Mafuta hayo mepesi yanaua beringi za turbo, na yakizidi sana injini inaweza kuanza kuyavuta na kujiendesha yenyewe hata ukizima swichi. Yote hayo kwa sababu ya thamostati.

Kuipima ni rahisi. Anza na injini baridi, endesha dakika 15 za barabara ya kawaida. Mshale ufike 90 na utulie hapo. Ukipanda hadi 90 kwenye foleni halafu ukaanguka hadi 70 barabarani, thamostati imekwisha. Badilisha hiyo kwanza kabla hujagusa DPF.

Manifoldi ya hewa. Ina vipepeo vidogo vya kuzungusha hewa, na mihimili yake midogo inalegea, kijiti kinachoviunganisha kinachomoka, hewa inavuja na masizi meusi yanaonekana nje ya manifoldi. Valvu ya EGR, inayorudisha sehemu ya moshi wa ekzosi ndani ya injini, nayo inaziba kwa masizi hayohayo yakichanganyika na mvuke wa mafuta. Dalili ni gari kukosa nguvu chini ya mizunguko 2,000 na kuchechemea. Ukitoa manifoldi kwa sababu yoyote, fanya vyote kwa pamoja, gasketi mpya, EGR isafishwe au ibadilishwe.

Mkanda wa taimingi. Kitabu kinaruhusu hadi kilomita 120,000. Mimi nasema 100,000 au miaka 5, lipi litakalotangulia, na miaka huwa ndiyo inatangulia. Nunua seti nzima: mkanda, kikazio, rola na pampu ya maji. Pampu inazungushwa na mkanda huohuo, ikikwama inaung'oa, na valvu zinakutana na pistoni. Hapohapo kagua puli ya krankshafti. Ina mpira katikati ya vyuma viwili, na mpira huo ukipasuka unatupa mkanda wa nje wa altaneta, ambao vipande vyake vinaweza kuingia kwenye mkanda wa taimingi. Puli ikiyumba kwa jicho injini ikiwa inanguruma bila gari kwenda, usisubiri.

2.4 ya silinda tano ina sauti tamu na nguvu, farasi 200 na baadaye 210, lakini pua ya gari inakuwa nzito, inakula tairi na bushi za mbele, na kila kazi ndani ya boneti ni finyu na ghali zaidi. Ya 2.0, farasi 170, iliyoanza 2009, ndiyo laini kuliko zote za dizeli. Kwenye familia ya injini hiyo, pamoja na Opel Insignia, tazama oringi (pete ya mpira) ya paipu inayovuta mafuta ndani ya sampo. Inakauka, inavuta hewa badala ya mafuta, na presha inashuka. Taa nyekundu ya mafuta ikichelewa kuzimika baada ya kuwasha, ama ikipepesa, simamisha injini. Oringi yenyewe ni ya bei ndogo sana, kazi ni kuteremsha sampo. Anayechelewa analipia beringi za krankshafti.

Bi Leicester

Asanteni kaka zangu. Giaboksi mmeitaja juujuu tu. Nitajuaje kama beringi zimekwisha wakati naendesha dakika kumi tu na muuzaji yuko pembeni?

Fundi Dizeli

Dada, dakika kumi zinatosha kama angalau tatu ni za barabara kuu. Giaboksi ya mwendo sita kwenye 1.9 ya farasi 150 inaitwa M32. Shafti zake zinashikwa na beringi za umbo la koni, na zile za upande wa gia ya tano na ya sita ndizo dhaifu. Weka gia ya sita, kanyaga mafuta, kisha achia mguu ghafla. Rudia hivyo huku ukitazama kichwa cha gia. Kikisogea mbele na nyuma kufuata mguu wako, shafti inacheza ndani. Rudia kwenye ya tano. Pia sikiliza mlio wa kuvuma unaobadilika na gia, unaopungua ukiweka ya nne, ambayo huwa kimya hata giaboksi ikiwa imechoka.

Ikikamatwa mapema, inafunguliwa, inawekwa seti ya beringi na sili, na inarudi kazini miaka mingi. Ikiachwa, shafti inapasua kasha la aluminiamu, na hapo unatafuta giaboksi nyingine. Mafuta yake kiwanda kiliyahesabu ya maisha yote. Usikubali. Yabadilishe kila kilomita 60,000 kwa mafuta ya GL-4, 75W-85, na tazama yaliyotoka: unga mwembamba wa kijivu kwenye sumaku ni kawaida, vipande vinavyong'aa si kawaida.

Klachi nayo usiisahau. Gari likiwa linanguruma bila gia, sikiliza mgongano unaokwisha ukikanyaga klachi, na mtikisiko mkali wakati wa kuzima. Hiyo ni flaiwili ya vipande viwili inayochoka. Giaboksi ikiteremshwa kwa sababu yoyote ile, badilisha klachi, flaiwili na silinda ya klachi iliyo ndani kwa mkupuo mmoja, kwa sababu gharama kubwa ni kuiteremsha.

Bi Leicester

Nimeelewa vizuri. Na ule mlio wa "kwii kwii" mbele kila gari likipita kwenye tuta? Gari mbili nilizoziona zote zinalia.

Mzee wa Jeki

Huo ni bushi za amu za juu, binti yangu. 159 ina amu mbili kila upande mbele, ya juu na ya chini, ndiyo maana inashika kona vizuri. Mpira wa amu ya juu unakauka na kulia. Si hatari mara moja, ila ni hoja nzuri ya kupunguza bei. Kuzibadilisha huteremshwa pamoja na shokapu, kwa hiyo ukifanya hivyo tazama na mpira wa juu wa shokapu. Jambo wanalokosea mafundi wengi: boliti za bushi zisikazwe gari likiwa linaning'inia. Zikaze kwa mara ya mwisho gari likiwa limesimama kwa uzito wake, la sivyo mpira unabaki umepindwa muda wote na unachanika ndani ya muda mfupi.

Halafu pitisha kiganja upande wa ndani wa tairi za mbele. Usitazame upande wa nje. 159 ina tabia ya kula ukingo wa ndani hadi waya zinatokeza, na kwa nje tairi inaonekana mpya. Inasababishwa na alaimenti iliyopotea au bushi za amu ya chini. Tairi za 225/50 R17 zina unafuu; 235/45 R18 zinapendeza lakini zinapeleka kila shimo kwenye bushi. Dai karatasi ya alaimenti ya magurudumu manne, siyo ya mbele peke yake.

Nyuma, gusa rimu baada ya kuendesha bila kutumia breki sana. Moja ikiwa ya moto kuliko mwenzake, kalipa ya breki ya mkono imekwama.

Bwana wa Torino

Kwa walioko huku Italia, habari ya dizeli ni ngumu pia. Area B ya Milano, eneo la mji linalozuia magari yenye moshi mchafu, Jumatatu hadi Ijumaa saa 1:30 asubuhi hadi saa 1:30 usiku, hata Euro 5 za dizeli zilifungiwa Oktoba 2022. Ila bodi za huku, za kusini hasa, zina kutu kidogo kuliko za Uingereza. Shida stering ni kushoto.

La pili: msinunue bila kulipima kwa programu ya MultiECUScan. Mashine za jumla zinasoma injini peke yake na zinakosa mengi. Hii inaingia kompyuta zote za Alfa ukiwa na kebo ya ELM327, ya kuunganisha gari na laptopu, na viunganishi vyake vya rangi. Kwenye dizeli soma asilimia ya masizi kwenye DPF, na wastani wa umbali kati ya uchomaji mmoja na mwingine. Umbali ukiwa chini ya kilomita 200, ama gari ni la safari fupifupi, ama thamostati, EGR au nozeli zina kasoro. Kompyuta isiyo na kodi ya hitilafu hata moja kwenye gari la umri huu, angalia kama imefutwa asubuhi hiyo.

Mtoto wa Mchikichini

Wakuu, na mtu akitaka kuipeleka nyumbani? Nazungumzia Dar au Mombasa.

Spana Kumi

Mombasa futa kabisa. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na 159 ya mwisho ni ya 2011. Tanzania mlango haujafungwa, lakini gari la zaidi ya miaka 10 linabeba ushuru wa ziada wa uchakavu juu ya kodi nyingine. Vipuri vya injini ya 1.9 unaweza kuagiza kwa namba za Opel, ila amu, taa, vioo na bodi vyote ni vya kuagiza Ulaya, kila kimoja na nauli yake. DPF nayo inahitaji dizeli safi na mwendo mrefu usio na foleni. Kwa matumizi ya Dar, siishauri.

Mama Steshen

Hamjagusa buti, na hapo ndipo steshenwagoni inatofautiana na sedani. Ujazo ni lita 445 viti vikiwa vimesimama, sedani 405. Ukilaza viti unafika lita 1,235. Anayebeba mizigo ya biashara, Mondeo au Passat steshen itamfaa zaidi, kwa sababu Alfa ilikata mlango wa nyuma kwa mteremko ili ipendeze.

Ukikagua: nyanyua zulia la buti uguse chini. Unyevu unatoka kwenye sili ya mlango, raba za taa za nyuma, au mirija ya mlango wa paa kama upo. Achia mlango wa buti ukiwa nusu. Ukishuka wenyewe, hizo gesi mbili zimekwisha, na zinabadilishwa kwa bisibisi ndogo tu.

Halafu jaribu vyote vilivyo kwenye mlango huo: waipa, hita ya kioo, taa za namba, swichi ya kufungulia. Kimoja kikikataa, au vikifanya kazi mlango ukiwa wazi na kukataa ukifungwa, usikimbilie kununua mota ya waipa. Waya zimekatika ndani ya mpira wa bawaba ya juu, kwa sababu zinapindwa kila mlango unapofunguliwa.

Bi Leicester

Hiyo ya waya naweza kuifanya mwenyewe nyumbani?

Mama Steshen

Unaweza, mdogo wangu, kwa mchana mmoja usio na mvua. Chomoa betri. Toa mfuniko wa ndani wa mlango na pembe ya dari ili uzifikie ncha zote mbili za mpira. Sukuma mpira nyuma uone. Mara nyingi ganda la waya limepasuka kwenye mpindo, na waya mmoja au mbili shaba imekatika kabisa.

Usiunganishe papo hapo kwenye mpindo, kwa sababu solda inaufanya waya kuwa mgumu na utakatika pembeni yake. Kata kipande cha sentimita 25 hadi 30 cha kila waya uliopasuka, weka waya mpya laini wenye ganda la silikoni na unene uleule, na viungo vyote viwe ndani ya mlango na ndani ya bodi, nje ya mpira. Viungo visikae sambamba, vipishane sentimita mbili mbili, visije vikatengeneza uvimbe usiopita. Solda, kisha mirija ya kusinyaa kwa joto. Fanya waya mmoja mmoja, kata, unga, ndipo uende mwingine; ukikata zote kwa mpigo utachanganya rangi, kwa sababu baadhi zinafanana.

Hita ya kioo inavuta umeme mwingi, waya wake ni mnene kuliko wengine. Usiupunguze unene. Ukimaliza fungua na ufunge mlango mara kadhaa waipa ikiwa inatembea. Isiposita, rudisha mfuniko.